Marehemu Mtarajiwa

Nchi nitakayoisimulia haimo kwenye ramani. Msomaji akikuta humu jambo linalofanana na la kwao asinilaumu mimi, aende akailaumu ramani. Jina lake pia silitaji, na si kwa woga. Jina ndilo lililokuwa likipiganiwa. Serikali ilitaka nchi iitwe hivi, wenzao wa ng'ambo ya mto wakataka iitwe vile, na kufikia mwaka wa sita wa vita watu laki moja na ushei walikuwa wamekufa bila kujua wamefia nchi gani. Kila upande uliuita upande wa pili waasi. Kwa hiyo redio ikitangaza kwamba waasi wamechapwa vibaya, pande zote mbili zilishangilia.

Katika nchi hiyo alikuwepo mtumishi wa umma aitwaye Ngwali Chambuso, mtu mfupi, mpole, mwenye suruali zilizonyooshwa pasi hata siku za mvua. Kazi yake ilikuwa kuua. Aliua wale ambao Serikali iliona kwamba uhai wao unachelewesha maendeleo. Aliajiriwa Wizara ya Utulivu, Idara ya Buriani, akiwa Mwuaji Daraja la Tatu, na ndani ya miaka sita akapanda hadi Daraja la Kwanza bila kubebwa na mjomba. Katika wizara ile jambo hilo lilizungumzwa kwa mshangao mpaka kantini.

Nisimsingizie. Ngwali hakuwa katili. Alibisha hodi, akavua viatu mlangoni, akasalimia kwa adabu. Baada ya kazi alirudi kwake akaoga, na siku ya mazishi alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Alibeba jeneza, alichota maji ya wageni, alilia machozi ya kweli. Wafiwa wengi walisema laiti Serikali ingekuwa na watu kumi wenye moyo kama wake.

Ili kisa hiki kieleweke, lazima nieleze habari ya tanzia. Watu wa nchi ile waliweza kuvumilia mengi: njaa, ushuru, hotuba. Tanzia yenye makosa hawakuivumilia. Kila siku saa saba mchana, redio ilipoanza kusoma matangazo ya vifo, masoko yalinyamaza, na mtu aliyekuwa akipigwa virungu aliomba wapumzike kidogo, yeye na askari wake, wasikilize. Tanzia ilipaswa kumtaja kila ndugu, kila kijiji na kila cheo, tena kwa mpangilio.

Sasa mwaka wa kwanza wa vita Idara ilimwua mkuu mmoja wa tarafa, na katika tanzia yake ikasahau kumtaja shemeji. Kifo chenyewe ukoo ulikipokea kwa subira. Lakini shemeji kusahauliwa? Wiki ile ile watu mia sita wa ukoo wa shemeji walivuka mto wakajiunga na waasi, wao na ng'ombe wao. Waziri wa Utulivu, Mheshimiwa Thabiti Mbonde, aliitisha kikao kilichochukua siku tisa, na kikao kikazaa Fomu Namba Saba: Uhakiki wa Tanzia Unaofanywa na Marehemu Mtarajiwa.

Utaratibu ulikuwa hivi. Ngwali alipeleka rasimu ya tanzia nyumbani kwa mhusika. Mhusika aliisoma, akasahihisha majina ya ndugu zake, akatia sahihi. Baada ya hapo Ngwali alirudi siku iliyopangwa kukamilisha jalada kwa vitendo. Bila sahihi jalada halikuwa kamili, na jalada lisilo kamili halikutekelezwa. Msomaji atauliza kwa nini basi watu wasikatae tu kutia sahihi. Hata mimi niliuliza. Niliambiwa kwamba hakuna aliyewahi kulifikiria jambo hilo, kwa maana katika nchi ile mtu akiletewa fomu ya Serikali hutafuta kalamu kwanza. Wengine walinogewa kabisa. Mkurugenzi wa reli aliongeza kurasa nne za sifa zake, akaomba neno "mpendwa" liwekwe mara mbili, akatia sahihi kwa madaha na kumsindikiza Ngwali hadi getini. Watu arobaini walikuwa wametia sahihi zao namna hiyo.

Wa arobaini na moja akawa Mwalimu Mwatumu Lugendo.

Huyu alikuwa mwalimu mkuu mstaafu wa shule ya msingi iliyokuwa kando ya mto, ambako watoto wa pande zote mbili walisoma kabla ya vita. Alikuwa na miaka sitini na minane na goti moja bovu. Kosa lake ni kwamba alipaka chokaa ukuta wa shule, akaandika juu yake majina ya wanafunzi wake waliouawa vitani, wa huku na wa kule, kwa kufuata alfabeti. Hakuonyesha nani shujaa na nani mwasi. Ikatokea jina la mtoto wa kanali wa Serikali likakaa chini ya jina la mtoto wa kanali wa waasi, na mama zao wakakutana pale siku moja, wakalia pamoja, wakaazimana kanga ya kufutia machozi. Waziri Mbonde alipopata habari alisema ukuta ule ni wa hatari kuliko mizinga, kwa sababu mizinga angalau ina upande.

Ngwali alifika Jumatatu asubuhi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Pita, baba, ila ruka hiyo ngazi ya pili, imevunjika. Umetoka mbali?"

"Wizara ya Utulivu."

"Basi umetoka mbali sana."

Akampa rasimu. Mwalimu Mwatumu akavaa miwani, akavuta kalamu nyekundu kutoka kwenye nywele zake, na kuanza kusoma kwa sauti. "Serikali inasikitika kutangaza kifo cha ghafla cha Mwalimu Mwatumu Lugendo, kilichotokea baada ya kuugua kwa muda mfupi." Akainua macho. "Kifo cha ghafla, halafu niliugua. Mnachagua lipi?"

"Ndivyo tunavyoandika zote, Mwalimu."

"Najua. Nimezisoma zote. Aliyeziandika nadhani nilimfundisha, alirudia darasa la nne." Akaendelea. "Marehemu atakumbukwa kwa mapenzi yake makubwa kwa Serikali. Uongo. Alifariki mikononi mwa wapendwa wake. Uongo, wapendwa wangu wako ukutani. Na kwa hii nitakufa lini?"

"Ukitia sahihi leo, Jumamosi."

"Na nisipotia?"

Ngwali akakohoa. Swali hilo hakuwahi kuulizwa, na katika mwongozo wa kazi halikuwemo. "Jalada litabaki wazi," akasema.

Mwalimu akaitazama ile karatasi, akasema polepole, "Mimi sikatai. Pale ukutani nina majina mia mbili na kumi na matatu, na hakuna hata mmoja ambaye gazeti lenu lilisema amekufaje. Nataka mmoja asemwe kweli. Andikeni ukweli, neno kwa neno, mchapishe, nami nitatia sahihi. Nikishasema nimesema." Juu ya rasimu akaandika mbili chini ya kumi, akamrudishia.

Ngwali alirudi Jumatatu iliyofuata na rasimu iliyosema kwamba marehemu aliteleza bafuni. Akapata mbili na nusu. Jumatatu ya tatu marehemu aliitwa na Mola wake. "Mola ana njia zake za kuita," Mwalimu akasema, "hapitii wizarani." Akapata tatu. Wiki zikaenda. Ngwali akaanza kuandika rasimu mwenyewe nyumbani, akazirudia kwa mwandiko mzuri, na siku alipopata tano chini ya kumi aliwaonyesha wenzake kantini. Hakuwa amewahi kusifiwa na mtu aliyejua anachokisifu. Jumatatu ya saba akakaa mkekani, akauliza kwa unyonge:

"Mwalimu, nisaidie. Huo ukweli unaandikwaje?"

"Unaujua wewe kuliko mimi. Utakuja na nini, bastola?"

"Mto wa kulalia. Hauna kelele, majirani hawasumbuki."

"Nani amekutuma?"

"Waziri."

"Kwa sababu gani?"

"Ule ukuta."

"Basi umeshaandika," akasema Mwalimu. "Bado kunakili."

Rasimu ya ukweli ilipofika wizarani, kikao cha dharura kiliitishwa kabla chai haijapoa. Waziri Mbonde alisimama, akarekebisha nishani zake zilizokuwa zinashuka kwa uzito, na kuhutubia. "Ndugu wajumbe," alisema, "historia inatutazama, na inatutazama vibaya. Serikali hii tukufu, sikivu na pendwa haijawahi kuua mtu. Wote waliouawa na Serikali hii walikufa wenyewe. Leo tunaambiwa tuchapishe kwamba tumeua. Kesho tutaambiwa tuchapishe bei ya sukari." Wajumbe walipiga makofi, hata wale waliokuwa wanasinzia, kwa mazoea.

Ndipo mhariri wa gazeti la Serikali, ambaye kwa kawaida huketi karibu na mlango, akanyoosha mkono. Aliomba radhi kwanza, kisha akaomba kujua ni lini mara ya mwisho watu waliamini kitu kilichoandikwa na gazeti lake. Mhariri akaeleza kwa upole kwamba gazeti likitangaza mvua, akina mama huanika nguo. Likiandika kuwa sukari itashuka, foleni hufika hadi barabara kuu. Likimsifu mtu kwa afya njema, jamaa zake huanza kuchanga sanda. "Mheshimiwa, tukiandika kwamba tumemwua Mwalimu Mwatumu," akamalizia, "hakuna atakayeamini. Kama kuna siri ya kuzika, basi tuizike gazetini kwetu."

Waziri alicheka mpaka akapepewa. Tanzia ikapitishwa kwa kauli moja, na mhariri akasogezwa viti vitatu mbele.

Jumatano Ngwali akapeleka nakala ya mwisho. Mwalimu Mwatumu aliisoma mara mbili. "Mwalimu Mwatumu Lugendo ameuawa nyumbani kwake, kwa mto wa kulalia, kwa amri ya Waziri wa Utulivu, kwa kuwa aliandika majina ya wanafunzi waliokufa." Nadhani aliogopa, na mtu yeyote angeogopa.

"Ameuawa na nani?" akauliza.

"Kwa amri ya Waziri."

"Amri haishiki mto. Andika jina."

Katika majalada arobaini, jina la Ngwali halikuwa limeandikwa popote. Alishika kalamu, akaiweka, akafuta jasho, akaishika tena. Mwishowe akaandika: na Ngwali Chambuso. Mwalimu akampa kumi chini ya kumi, akatia sahihi, akamwambia aje Jumamosi asubuhi maana mchana huwa anapenda kulala. Ngwali alitoka pale akiwa na alama za juu kabisa maishani mwake, na njia nzima alitamani angekuwa amefeli.

Hapo ndipo Idara ilipofanya kosa, na kosa lenyewe lilikuwa la kuzoea. Lori la magazeti lilichelewa siku mbili kila wiki tangu vita vianze, na wizara ilipanga vifo vyote kwa kuhesabu ucheleweshaji huo. Gazeti lilichapwa Jumatano, lori likafika Jumamosi, marehemu akawa tayari. Wiki ile lori halikuchelewa. Dereva alipohojiwa baadaye alisema hata yeye alishangaa, akaomba radhi na kuahidi haitatokea tena. Alhamisi saa saba mchana redio nayo ikasoma kutoka gazetini, kwa sauti ile ile ya majonzi, kwamba Mwalimu Mwatumu Lugendo ameuawa na Serikali.

Nchi nzima ilifurahi. Watu ambao kwa wiki nyingi walikuwa wanahofia maisha ya Mwalimu walikumbatiana sokoni. Kama gazeti limesema ameuawa, basi ni mzima wa afya, na pengine hata goti limepona. Wanafunzi wake wa zamani wakafunga safari. Walitoka huku, wakatoka kule, wakavuka mto kwa mitumbwi, na walinzi wa pande zote mbili, ambao nao walisoma pale, wakaacha bunduki kambini wakaja na kuku.

Jumamosi asubuhi Ngwali alifika na mto wake ndani ya mfuko, akakuta uani watu wanaokaribia elfu tatu. Alisimama pale langoni asijue afanyeje. Mama mmoja akamuuliza yeye ni nani. Kwa kuwa ni mtu wa adabu, akajibu, "Ngwali Chambuso."

Vigelegele vikapasuka. Huyu ndiye ambaye gazeti la Serikali limemtaja kuwa mwuaji, kwa hiyo bila shaka ndiye aliyemwokoa. Wakambeba juu juu, yeye na mfuko wake. Mfuko ulipofunguka wanawake walilia kwa huruma, kwamba pamoja na hatari yote ile bado alikumbuka kumletea Mwalimu mto wa goti lake.

"Ni kweli alikuja kuniua," Mwalimu Mwatumu aliwaambia kutoka barazani. Wakacheka hadi wakashikana mabega. Akarudia kwa ukali, kwa sauti yake ya darasani, wakacheka zaidi, wakasema Mwalimu hajabadilika, utani wake ni ule ule. Mwalimu akaketi. Alikuwa hai, na alikuwa na hasira kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona akishangiliwa.

Wizarani walikaa kikao cha siku nne. Ikaamuliwa kwamba jalada limekamilika: tanzia imehakikiwa, imesainiwa, imechapishwa. Kisheria Mwalimu alikuwa amekwisha kufa, na hakuna kifungu kinachoruhusu kumwua marehemu. Ngwali akavishwa nishani ya Utekelezaji. Miezi mitano baadaye vita vikaisha, kwa sababu ambazo viongozi walisema hazihusiani kabisa na wale walinzi waliogoma kurudi kambini. Walikubaliana kwamba nchi isiwe na jina kwa sasa, na kamati iundwe.

Kila Jumatatu Ngwali aliendelea kwenda kwa Mwalimu, ingawa hakuwa na rasimu. Siku moja Mwalimu akamuuliza, "Wangu wako ukutani. Wako arobaini wako wapi?"

"Masjala. Kabati la tatu."

"Nilitaka ukweli mmoja uaminike, wakaniona mcheshi. Labda wewe utaaminika. Nenda nyumba kwa nyumba, ukawaambie."

"Watanipiga, Mwalimu."

"Huenda."

Akaenda. Alianza kwa mkurugenzi wa reli. Alivua viatu, akaketi, akasema, "Baba yenu nilimwua mimi, kwa mto, Ijumaa saa nne asubuhi." Watoto wa marehemu wakatazamana, wakacheka, wakamtandikia chakula. Walijua fika kwamba Serikali ilimwua baba yao, walisema, lakini si kwa mkono huu uliobeba jeneza. Tena gazeti lilishamwita mwuaji, sasa atawezaje kuwa mwuaji? Nyumba ya pili ikawa hivyo hivyo, na ya tatu. Nyumba ya tisa walimwomba aurudie utani ule kwa ajili ya bibi ambaye hakusikia vizuri. Kote alishiba, kote alibarikiwa, na kila alipotoka alikuwa amekonda zaidi. Nyumba thelathini na tisa zilimpa kila kitu isipokuwa alichokifuata.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Bi Havijawa, mjane wa Fundi Nassibu, mshonaji, aliyeuawa mwaka wa tatu wa vita kwa kusema hadharani kwamba sare za majeshi yote mawili anazikata yeye, kutoka jora moja. Ilikuwa alasiri. Bi Havijawa alimkaribisha kibarazani, akammiminia chai, akamsikiliza hadi mwisho. Hakucheka.

"Siku ile mimi nilikuwa kisimani," akasema. "Alisema nini?"

"Kwenye fomu tuliandika alisema Serikali idumu."

"Sikukuuliza habari za fomu."

Ngwali akatazama kikombe chake. "Aliniomba nimngoje kidogo. Akaenda jikoni akaepua sufuria ya kunde, akaifunika kwa sinia. Akasema, 'Mke wangu akirudi asikute zimeungua.' Kisha akaja akalala."

Bi Havijawa alikuwa ameziacha kunde motoni siku ile, na aliporudi na ndoo yake alizikuta chini, zimefunikwa, na mume amelala mauti. Kwa miaka minne alikuwa akijiuliza nani aliyeepua ile sufuria. Hakuwa amemwambia mtu, si shoga yake wala mtoto wake wa kumzaa, kwa sababu katika kifo kikubwa vile aliona aibu kuuliza habari za kunde.

Akainuka, akamwondolea Ngwali kikombe mkononi, chai ikiwa bado nusu, akaenda kuimwaga uani. Aliporudi hakukaa pale alipokuwa amekaa. Alivuta kigoda, akaketi mbele yake kabisa, magoti yao yakakaribia kugusana.

"Anza upya," akamwambia. "Toka ulipobisha hodi."